Namba kubwa usiianze kwa kugawanya

Nikiwa kidato cha tano, mwalimu aliandika ubaoni 4,294,967,297, akatuuliza kama ni namba tasa. Jioni nikakaa na daftari, nikaanza kugawanya. Si shufwa. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata 59, kwa hiyo 3 imetoka. 7, 11 na 13 nazo zimetoka. Kurasa nne zilijaa nikiwa bado kwenye mia mbili na kitu, na kwa mwendo ule nilitakiwa kujaribu namba tasa zote hadi 65,536, ambacho ndicho kipeuo chake cha pili kwa kukadiria. Ziko 6,542.

Kama unasoma, au una mtoto anayesoma, nakusihi: kabla ya kugawanya, tafuta namba hiyo imeundwaje. Yetu ni 2 kwa kipeo cha 32, ikaongezwa 1. Ukishaliona umbo hilo, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba za ukoo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kurudufu, ikaongezwa 1, zote ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha hii. Tano za mwanzo ni tasa kweli. Ya sita ilivunjwa na mwanahisabati Mswisi, Euler, mwaka 1732: alipata vigawo vyake. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi katika zile 6,542, za kuanza nazo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, na umefika!

Na hata hapo usigawanye namba nzima. Beba baki peke yake. Chukua 641. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536. Toa 641 mara 102, yaani 65,382, inabaki 154. Kipeo cha 32 ni kile cha 16 kikizidishwa kwa chenyewe, basi zidisha 154 kwa yenyewe: 23,716. Toa 641 mara 36, yaani 23,076, inabaki 640. Hilo ndilo baki la 2 kwa kipeo cha 32. Ongeza ile 1 ya mwisho, unapata 641 kamili, hakuna kinachobaki. Kigawo mwenzake ni 6,700,417, nacho ni tasa.

Mistari mitatu, kwa kalamu. Nilipoionyeshwa niliirudia mara mbili usiku uleule, maana sikuamini kwamba zile kurasa nne hazikuhitajika.

Ukitaka kujipima, chukua inayofuata: 18,446,744,073,709,551,617. Ina tarakimu 20, na vikokotoo vingi vya shule haviionyeshi yote. Kigawo chake kidogo ni 274,177. Fuata njia ileile ya baki hadi kipeo cha 32, kisha zidisha baki kwa lenyewe mara moja zaidi.