Homestead 1892: ugomvi haukuwa nyongeza ya mshahara

Je, mgomo wa Homestead wa 1892 ulikuwa wa kudai nyongeza ya mshahara? Hapana, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha tajiri Andrew Carnegie pale Homestead, Pennsylvania, Marekani, hawakugoma wakidai nyongeza. Ujira wa mafundi wa chama cha wafanyakazi ulipanda na kushuka kufuata bei ya mapande ya chuma cha pua, ila ulikuwa na kikomo cha chini: hata bei ikiporomoka, hesabu ilifanywa kana kwamba tani ni dola 25. Meneja wa Carnegie, Henry Frick, alitaka kikomo kiwe 22, akapanda hadi 23. Chama kikashuka mpaka 24. Tofauti ya dola moja tu! Lakini Frick alitaka pia mkataba uwe unaisha Desemba badala ya Juni, na hapo ndipo penye ujanja, maana nani atagoma katikati ya baridi na familia inahitaji makaa?

Wanachama hawakufika hata robo ya wafanyakazi karibu 3,800, ila ndio waliokuwa na ufundi, na wengine waliwaunga mkono. Frick alizungushia kiwanda uzio, akawafungia nje, kisha Julai 6 akaleta walinzi 300 wa Pinkerton, kampuni binafsi ya ulinzi, kwa matishari mawili kupitia mto Monongahela. Risasi zikalia, watu wasiopungua kumi wakafa. Jeshi la jimbo likaingia, na Novemba mgomo ukavunjika.

Carnegie alikuwa Uskoti wakati huo, lakini usimtoe hatiani: alikuwa ameshamuunga mkono Frick kabla ya kuondoka. Mwaka 1901 aliuza kampuni kwa dola milioni 480.