Kabla Hujaipeleka Ngoma ya Kwenu Kwenye Tuzo

Muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo wa Dodoma, haupigwi ukiwa baridi. Kabla ya kucheza, akina mama huwasha nyasi kavu, wakazisogeza ngoma karibu na moto na kuzigeuzageuza huku wakizigonga kwa vidole, mpaka ngozi ikaze na mlio upande. Ukizipiga bila kuziotesha moto utapata sauti ya ndoo ya plastiki.

Sasa weka ngoma hizo kwenye ukumbi wa sherehe ya tuzo, kiyoyozi kinapuliza utadhani wageni waalikwa ni samaki. Tulifika saa tisa alasiri kwa mazoezi ya jukwaa, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka saa mbili usiku. Ngoma zote zikalegea. Kiongozi wetu, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akatoka nyuma ya ukumbi na magazeti mawili na kiberiti. Mlinzi akamkuta keshawasha.

"Mama, unataka kutuchomea jengo?"

"Hapana mwanangu, naamsha ngoma."

Mlinzi akazima moto kwa chupa ya maji. Tukapanda jukwaani na ngoma zetu zimelala, tukapewa dakika tatu, wageni wenyewe bado wanatafuta viti. Matangazo ya moja kwa moja ya televisheni yalipoanza sisi tulikuwa tumeshashuka, tunakula wali kwenye vifungashio kando ya basi. Tulikuwa tumeambiwa tumealikwa kama wawaniaji. Jina letu halikusomwa hata kwenye orodha, kwa sababu kipengele chetu kilifutwa wiki hiyo hiyo na hakuna aliyekumbuka kutupigia simu.

Mimi ni katibu wa kikundi hicho cha akina mama wa Kigogo, huu mwaka wa tisa. Ukatibu niliupata kwa sifa moja tu: nilikuwa na simu inayofungua barua pepe. Tangu hapo nimejaza fomu za tuzo nisizoweza kuzihesabu, na mara moja niliitwa kuwa mmoja wa wasikilizaji wa awali wanaochuja nyimbo. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Mwaka huu makatibu wa vikundi vingine wameanza kuniuliza kama waingie na wao. Ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia kwa simu, ila huku bando halikatiki katikati.

Kwanza, soma jina la kipengele kama unavyosoma mkataba. Kwenye zile Tuzo za Muziki za Kilimanjaro, tulizozoea kuziita Kili, kulikuwa na kipengele cha wimbo bora wenye vionjo vya asili ya Tanzania. Lirudie polepole: vionjo. Kionjo ni kile kijiko unachoonjeshwa jikoni, chungu chenyewe kiko kwingine. Msanii wa bongo fleva aliyeweka zeze kwenye kiitikio anaingia hapo bila kupinda mgongo. Akina mama ishirini na watatu wanaoimba sauti nne zinazopishana kwa dakika kumi na moja, wimbo ukianzia kwa mmoja na kuishia kwa mwingine, wataingia kwa kukatwa vipande. Nisieleweke vibaya, nyimbo za vionjo zina raha yake, na waandaaji hawakumdanganya mtu. Walisema wazi wanatafuta nini. Tuliojidanganya ni sisi tuliosoma neno "asili" tukaruka lililotangulia.

Taarab nayo ilikuwa na kipengele chake, na waliotamba humo ni wa taarab ya kisasa, ya kinanda na mipasho. Wapiga ala za nyuzi, kanuni, udi na fidla, wa Unguja, ambako kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, wako kwenye kabila jingine kabisa la muziki ingawa jina ni moja. Rafiki yangu mmoja wa huko aliniambia, "Sheikh, sisi wakitutaka hutuita kwenye ufunguzi, tuzo huwa za magharibi." Alikuwa na maana ya saa za jioni. Au labda alimaanisha na nchi za Magharibi pia, Wazanzibari huwezi kujua.

Baada ya jina la kipengele, uliza watahukumu kwa njia gani. Kama ni kura za simu peke yake, usipoteze muda wako. Mwaka mmoja tulihamasishana kijijini tupige kura. Mzee mmoja alituma jina la kikundi kwa Kigogo sanifu kabisa, pamoja na salamu ya "mbukwenyi" mbele, na kura ikakataliwa kwa kuwa haikuwa na msimbo. Wengine walitumia vocha ya wiki nzima kwa siku mbili. Tunaoshindana nao wana wafuasi milioni mitandaoni. Sisi wafuasi wetu wakati huo walikuwa wanapalilia uwele. Tafuta tuzo ambazo majaji wanasikiliza, na uliza bila aibu kama yupo kati yao anayeijua ngoma yako. Siku niliyokaa kwenye uchujaji tulikuwa sita. Ilipofika rekodi ya ngoma kutoka kusini, kijana aliyeshika kompyuta aliisogeza mbele mara tatu akitafuta "wimbo unaanzia wapi". Wimbo ulikuwa umeshaanza tangu sekunde ya kwanza. Nilisema, tukarudi mwanzo, tukasikiliza yote. Nisingekuwepo ingepita hivyo hivyo.

Hapo ndipo penye ushauri wangu wa rekodi. Usikubali prodyuza awarekodi mmoja mmoja. Sisi tulikubali mara ya kwanza. Kila mama aliingia peke yake kwenye kachumba, amevikwa spika za masikioni, anasikia tik-tik-tik ya kompyuta na anatakiwa kuifuata. Mpiga ngoma wetu mkuu, ambaye amecheza jando na unyago wa nusu ya tarafa, alitoka akilia. Alisema, "Sikuona miguu ya mtu." Kumbe yeye hupiga kwa kuangalia miguu ya wanaocheza! Kompyuta haina miguu. Rekodi ilipotoka vigelegele vilikuwa vimefutwa kwa sababu "vinapasua maiki", na badala yake kukawekwa ngoma ya mashine chini. Tukaipeleka kwenye tuzo. Haikuchaguliwa, na namshukuru Mungu, maana ingeshinda tungelazimika kuimba vile maisha yetu yote.

Ya pili tulirekodi chini ya mbuyu, maiki tatu, wote kwa pamoja, moto wa nyasi pembeni. Ina sauti ya jogoo kwenye dakika ya nne. Ndiyo iliyotufikisha mbali zaidi kuliko zote.

Kama unadhani hili la majaji wa nje kusikia ni ndoto, mkumbuke marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, aliyefariki Disemba 2003. Aliimba kwa Kigogo, kwa zeze na ilimba, kile kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, na lebo ya Real World kule Uingereza ikatoa kazi zake, ikiwemo Chibite mwaka 1996. Au Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na unyago wa Zanzibar, aliyepewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia ya Ulaya, mwaka 2005. Ile haikuwa tuzo ya kura. Hakushindana na mtu, alitambuliwa kwa kazi ya umri mzima. Tuzo za namna hiyo ndizo zinazokaa vizuri kwenye bega la muziki wa asili, kwa sababu hazimtaki bibi wa watu awe na wimbo mpya kila baada ya miezi kumi na miwili. Kipengele cha "mwaka wa kutoka" kwenye fomu huwa kinanichekesha. Wimbo tunaofungulia bibi yangu aliukuta. Niandike mwaka gani?

Kuhusu fomu, kuna mstari wenye hatari kuliko yote: jina la mtunzi. Usiuache wazi, na usikubali prodyuza akuandikie. Sisi tuliacha wazi kwa uungwana, tukisema huu ni wa wazee. Baada ya miezi miwili nikaukuta wimbo mtandaoni, mtunzi ni kijana wa studio. Ilituchukua mwaka kumwondoa. Siku hizi naandika: "Wimbo wa asili wa Wagogo, mpangilio na uimbaji, kikundi fulani", halafu majina ya wote ishirini na watatu. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inautambua urithi wa jadi, na inatofautisha wimbo wa jadi na uimbaji wako wa wimbo huo. Wimbo ni wa jamii. Lakini sauti zenu mlizoimba siku ile, na rekodi mliyolipia, ni mali yenu. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mkaulize na kusajili mapema, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma fomu.

Na hili si la wanyonge peke yao. Angalia Maria Salome ya Saida Karoli, wimbo uliotoka kwenye ngoma ya Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kama Salome na ukavuma upya mpaka nje ya mipaka. Wimbo wa kwenu unaweza kulala miaka kumi na tano ukaamka ukiwa umevaa nguo nyingine. Siku ukiamka, heri karatasi ziwe kabatini kwenu.

Wapo wanaosema haya ni matatizo ya kwetu, kwamba Wazungu wanaheshimu vyao. Sina hakika. Kwenye Grammy, Marekani, mpaka 2011 muziki wa folki ulikuwa na vipengele viwili, cha jadi na cha kisasa, na muziki wa dunia vivyo hivyo. Mwaka huo walipunguza vipengele kutoka 109 mpaka 78. Cha jadi na cha kisasa vikaunganishwa, na Wahindi Wekundu, Wahawaii na wapiga zydeco na Cajun wa Louisiana, waliokuwa na vyao, wakasukumwa wote kwenye kapu moja la "mizizi ya kimikoa". Fikiria sindimba, msewe na muheme vishindane kipengele kimoja, na anayehukumu hajawahi kuona hata kimoja kikichezwa uwanjani. Mwaka wa kwanza wa kapu hilo, 2012, ilishinda bendi ya matarumbeta ya New Orleans, Rebirth Brass Band. Bendi nzuri sana, ila Mhawaii alirudi kwao na maua yake shingoni. Na hata anayeshinda, tuzo nyingi za huko hutolewa mchana, kabla ya onyesho la televisheni. Niliposoma hivyo nilikumbuka wali wetu kando ya basi.

Kuna funzo la kiufundi humo ambalo makatibu hawalipendi nikiwaambia. Kipengele huishi kwa wingi wa wanaojitokeza. Grammy waliweka sheria mwaka huo huo: kipengele kikikosa maingizo 25 kinasimamishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2009, walifuta kile cha polka, muziki wa dansi wa wahamiaji kutoka Ulaya, ambacho mtu mmoja, Jimmy Sturr, alikuwa amekishinda mara 18. Kwa hiyo mkiona kipengele cha asili kwenye tuzo yoyote, msifiche habari ili mshinde peke yenu. Mimi mwaka ule wa kiyoyozi nilificha. Nilijua tarehe ya mwisho, sikuwaambia majirani zetu wa upande wa pili wa reli, nikaona nimepiga bao. Kipengele kikafutwa kwa kukosa washiriki. Waandaaji walikosa adabu kutotuambia, hilo nalisimamia, lakini kaburi nilichimba na mimi.

Mkialikwa kutumbuiza, hiyo ni biashara nyingine, iandikieni mkataba wake. Mnapanda saa ngapi, kabla au baada ya kamera kuwaka, dakika ngapi, nauli ya kwenda na kurudi, wapi pa kulala, malipo kiasi gani na lini. "Posho" si malipo. "Mtajitangaza" si nauli. Sisi sasa tuna kifungu kimoja cha ziada ambacho wanasheria hukisoma mara mbili: mwandaaji atatoa sehemu salama ya kuwasha moto mdogo, nusu saa kabla ya onyesho. Mmoja alikubali, akatuletea jiko la mkaa na kijana wa zimamoto amesimama pembeni na mtungi wake. Muheme ulilia usiku ule mpaka wahudumu wakaacha sinia.

Mwezi uliopita fomu nyingine ilikuja. Nikawasomea akina mama kwenye kikao, pale tunapokaa kila Jumapili baada ya ibada. Kiingilio, picha za matangazo, video yenye "ubora wa kimataifa". Nikapiga hesabu mbele yao. Kiongozi wetu akauliza swali alilouliza tangu mwaka wa kwanza: "Mwanangu, hao wanapima nini?" Nikamwambia: wimbo usiozidi dakika nne, uliotoka mwaka huu, wenye watazamaji wengi. Wakatazamana. Mmoja akasema ile ngoma kubwa imepasuka tangu mavuno, na tuna mwaliko wa tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino.

Ngozi tumeshainunua. Imewambwa jana, inakauka nyuma ya nyumba yangu, na nimepewa kazi ya kufukuza mbwa.