Fundi Anajibu: Valvu ya Baba au Transista Yangu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Marehemu baba aliniachia amplifaya ya valvu, ndani ina valvu nne za aina ya EL84. Mimi nina yangu ya transista ya wati 50. Nikizifunga kwenye spika zilezile, ile ya baba ina besi nene na mwimbaji anakuja karibu. Kakangu anasema ni mapenzi ya baba tu. Kuna tofauti kweli? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Pole kwa msiba, dada. Masikio yako hayakudanganyi. Ila siamini kwamba utamu wote unaousikia umo ndani ya vile vichupa vya kioo.

Angalia spika kwanza. Nyuma imeandikwa omu 8, yaani kipimo cha ukinzani, jinsi spika inavyozuia umeme, lakini hiyo 8 ni ya kutajia tu. Ukinzani wa spika hubadilika noti kwa noti, na kwenye besi ya chini nyingi hufika omu 30 na kupita. Amplifaya ya transista haitikisiki kwa hilo, maana ukinzani wake wa ndani kwa kawaida ni mdogo sana. Ya valvu hutoa sauti kupitia transfoma, na ukinzani wake unaweza kufika omu 2. Piga hesabu: spika ikiwa omu 8 inapata asilimia 80 ya volti, ikiwa omu 30 inapata karibu 94. Hapo ndipo besi inapovimba, na gitaa la besi la benga linashukia palepale.

Nililihakikisha hili hapa kwangu Kondele. Mteja mmoja, mpenzi wa rumba, alishikilia kwamba sauti ya transista haina joto kama ya valvu. Nikaunganisha rezista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) ya omu 2, wati 20, kwenye waya mmoja wa kila spika, ili ukinzani ufanane na wa valvu, bila kumwambia. Akauliza ile valvu nimeificha wapi. Huko Marekani, mwaka 1985, mtengenezaji wa amplifaya Bob Carver aliwaahidi wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista isikike kama ya valvu waliyoichagua wao. Akaitengeneza mpaka wakashindwa kuzitofautisha.

Valvu ina jambo lake lenyewe pia: ikizidiwa nguvu, hasa zile za zamani, huviringa kilele cha wimbi la sauti taratibu, wakati transista hukikata bapa. Ndiyo maana wati chache za baba zinavumilika hata ukipandisha sauti kupita kiasi.

Kakako naye usimpuuze. Amplifaya iliyo juu kidogo tu kwa sauti huonekana tamu zaidi, na huwezi kuisawazisha kwa sikio. Piga mlio wa hezi 400 kutoka kwenye simu, pima volti za AC kwenye spika kwa multimita (kipima umeme), zisawazishe hadi tofauti isizidi 0.05 kwenye volti 2. Kisha kakako akae nyuma ya pazia, arushe sarafu kuamua ipi icheze, nawe utaje uliyoisikia, mara 10. Anayebahatisha hupata 9 au 10 mara moja hivi katika majaribio 100. Ukifika hapo, kakako hana tena la kusema.

Lakini amplifaya ya valvu usiicheze kamwe bila spika. Transfoma yake inaweza kuungua. Swichi yangu ya majaribio, ya kuhamisha spika kati ya amplifaya mbili, huipa ya valvu rezista ya omu 8 kila spika zinapohamia upande wa pili. Tafuta fundi akutengenezee kama hiyo, na upunguze sauti kabla ya kugeuza.

Kabla ya hayo yote, hiyo ya baba ibadilishwe kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme. Zile kuukuu zinazopeleka sauti kwenye EL84 huvuja, valvu ikabeba mkondo mwingi kupita kiasi. Ukiona bati la ndani ya kichupa linawaka jekundu, zima hapohapo. Wala usifungue kifuniko mwenyewe: volti 300 hukaa ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Usiiuze, dada. Transfoma zake zikiwa bado nzima, hiyo mashine inatengenezeka.