Kabla hujaipeleka mashine yako Nane Nane

Vijana wengi wanaonifuata kuulizia hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiunde ulichobuni, huja na picha kwenye simu. Mmoja ana mashine ya kupukuchua mahindi, mwingine ya kukata majani ya ng'ombe, mwingine kinu cha kukoboa mpunga alichokiunda Ubaruku. Kabla ya lolote huwa nawauliza hivi: mashine ya aina hii ilikuwepo kabla yako, sasa wewe umebadilisha nini? Wengi wanakwama hapo. Wameunda kitu kinachofanya kazi vizuri, lakini hawajawahi kutenga kilicho chao na walichokikuta. Kazi yote ya hataza inaanzia kwenye huko kutenga.

Wala usijione mdogo kwa sababu hukuvumbua mashine nzima. Elijah McCoy alizaliwa Kanada, wazazi wake walikuwa wametoroka utumwa Marekani. Alisomea ufundi wa mitambo Edinburgh, Uskoti, lakini Michigan hakuna aliyempa kazi ya uhandisi kwa sababu ya rangi yake. Reli ya Michigan Central ikamwajiri kuchochea moto na kupaka injini mafuta. Enzi hizo treni ilibidi isimame ndipo ipakwe. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa cha kupeleka mafuta kwenye silinda injini ikiwa kazini, na hati yenyewe iliandikwa kwamba ni maboresho ya vilainishi vya injini za mvuke. Injini hakuivumbua yeye. Hadi anafariki mwaka 1929 alikuwa na hataza zaidi ya 50, nyingi za mambo hayo hayo ya mafuta. Aliijua shida kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kopo la mafuta.

Kwa hiyo nenda ukakae na mwendesha mashine. Nenda Mwanjelwa au Mbalizi hapa Mbeya, au kwenye ding dong za kupasua mbao kule Mafinga, umuulize mtu ni kitu gani kinamlazimisha kuzima mashine katikati ya kazi. Chukua mashine ya kusaga ya nyundo, ambayo kila mtaa inayo. Nyundo zinalika upande mmoja, fundi anazigeuza. Zikilika pande zote anabadilisha, na akiwa na haraka anabadilisha ile moja iliyoisha kabisa. Hapo rota inakuwa nzito upande mmoja, mashine inaanza kutetemeka, na baada ya muda beringi zinakufa na lawama anatupiwa aliyeuza beringi. Fundi makini hupima nyundo kwenye mzani, akaziweka zenye uzito sawa zikitazamana. Au angalia chekeche. Mteja wa dona ameondoka, anayefuata anataka chakula cha kuku, matundu makubwa zaidi. Jamaa anazima mota, anafungua boliti moja moja huku unga umemjaa machoni, foleni inanung'unika. Shida za namna hii ndizo zenye soko, maana kila mwenye mashine anazilipia kila siku.

Pima kabla hujagusa kitu. Kilo ngapi kwa saa, umeme au dizeli kiasi gani, dakika ngapi kubadilisha chekeche. Andika kwenye kauntabuku pamoja na tarehe, chora hata kama mkono wako si wa mchoraji. Ukishaboresha, pima tena kwa nafaka ile ile yenye ukavu ule ule.

Kisha tafuta kama kuna aliyekutangulia. Hataza za dunia nzima zinasomeka bure kwenye tovuti za Espacenet na Patentscope. Usihangaike na maneno tu, tumia alama za makundi: B02C ni kusaga na kuponda, B02B ni kukoboa nafaka, B27B ni misumeno ya mbao. Anza na michoro, halafu ruka hadi kwenye madai, yaani sentensi zinazotaja kile hasa mwenye hati anachodai ni chake. Upya unaotakiwa ni wa dunia nzima, si wa Mbeya. Ukikikuta kifaa chako kwenye hati ya Japani ya miaka mingi, huwezi kukidai. Ila kama hati hiyo haikusajiliwa kwa ajili ya Tanzania, au muda wake umeisha, hakuna anayekuzuia kuunda na kuuza hapa. Huo ni utajiri ambao karakana zetu hazijaugusa ipasavyo, na mimi ningependa kila mwanafunzi wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya) na VETA afundishwe kuusoma.

Sasa madai. Hapa naomba tutulie, kwa sababu ulinzi wako wote unakaa humo. Maelezo yanaeleza mashine ilivyo, michoro inaionyesha, ila mahakama itauliza madai yanasema nini. Nimesoma rasimu iliyoandikwa: "Mashine bora ya kusaga inayobadilishwa chekeche kwa haraka." Hilo ni tangazo la biashara. Dai linataja sehemu na zinavyoshikana, kwa mfano hivi: "Mashine ya kusaga nafaka yenye kasha, rota ya nyundo ndani ya kasha hilo, na chekeche chini ya rota, ambayo sifa yake ni kwamba chekeche limewekwa kwenye fremu inayochomoka kwa kuteleza upande mmoja wa kasha, na kuna kifungio kinachoibana fremu hiyo mashine inapofanya kazi." (Chekeche la kuchomoa si jipya duniani, nalitumia kuonyesha uandishi tu.)

Angalia neno kifungio. Ungeandika "boliti mbili za milimita 12", jirani yako angeweka kabari na asingekuwa amekugusa. Kwa hiyo dai la 1 liwe pana kadiri upya wako unavyoruhusu, halafu dai la 2 liseme "mashine ya dai la 1, ambayo kifungio ni kabari", la 3 liseme boliti. La 1 likiangushwa kwa kukutwa si jipya, la 2 linaweza kubaki limesimama. James Watt mwenyewe, yule mhandisi wa injini za mvuke, alipita pembeni ya dai la mwenzake kama huyo jirani wa kabari. Mwaka 1780 James Pickard alipata hataza ya kutumia mkono wa krenki kwenye injini ya mvuke, Watt akakataa kuwa chini ya masharti yake, na mwaka uliofuata akasajili gia ya jua na sayari iliyofanya kazi ile ile ya kuzungusha. Fikiria mapema mtu mwenye akili kama ya Watt akilisoma dai lako.

Na mpaka ombi lipokelewe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na upewe tarehe, funga mdomo. Viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale hapa Mbeya vinajaa watu kila Agosti, na wengine wanakuja na futi mkononi. Kuna kijana aliweka mashine yake ya kupukuchua pale, imefunguliwa ubavu ili watu waone ndani. Msimu uliofuata zilikuwa zikiuzwa za kufanana nayo, na ombi alikuwa hajaandika. Video ya TikTok nayo ni kutangaza, na kilichokwisha kutangazwa kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Ukihitaji kujaribu kwa mwenye kinu, mwandikishiane kwa saini kwamba hatatoa siri. Kama umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza, kwa kuwa ulichobuni katika kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni mali ya mwajiri.

Hataza ina mipaka ya nchi. Ya BRELA ni ya Tanzania Bara, Zanzibar wana ofisi yao. Sisi wa nyanda za juu tunauzia watu wanaovuka Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo fikiria Zambia na Malawi tangu mwanzo. Zote mbili zimo kwenye Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, makubaliano ya nchi za Afrika kuhusu hataza, na ombi moja kupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu, linaweza kutaja nchi zote unazotaka. Ukianza na Tanzania, una miezi 12 ya kuomba kwingine ukiwa bado unashikilia tarehe yako ya kwanza. Mwezi wa 13 umechelewa.

Baada ya hapo kuna ada za kila mwaka, na usipolipa haki inakufa. Kwa hiyo usisajili kila kitu. Sajili kile ambacho mwingine atatamani kukiunda. Halafu usijifungie. Karakana yako haiwezi kulisha Makambako, Sumbawanga na Songea kwa pamoja. Wape mafundi wa huko leseni, wakulipe kiasi fulani kwa kila mashine, kila moja iwe na namba iliyogongwa kwenye kasha ili hesabu ihakikiwe, na mkataba uandikwe kabla hujawakabidhi michoro.