Ukiwa tegemeo la ukoo, na wewe tafuta wa kukaa naye

Huku kwetu nyanda za juu kusini tupo wengi tuliolea wadogo zetu. UKIMWI ulipopita Iringa, Njombe na Mbeya miaka ya tisini na ile iliyofuata, uliacha nyumba ambazo mkubwa wa pale alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Kaka au dada mkubwa akaacha shule, akashika jembe, au msumeno, au biashara ya viazi, na wadogo wakasoma. Watu hao sasa ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na ukikutana nao wanaonekana imara. Naandika kwa ajili yao kwa sababu mimi ni mmoja wao, na ipo aina ya tiba ya maongezi, ile ya udhanaishi, inayomsaidia mtu kukabili maswali ya kifo, uhuru, upweke na maana ya kuishi, ambayo natamani wengi wetu tuijue.

Mimi ni mtu wa Mafinga, nauza mbao. Mdogo wetu wa mwisho alipohitimu uuguzi tulichinja, wazee wakanisimamisha mbele ya watu wakanibariki. Baada ya sherehe ile ndipo usingizi ulipopotea. Naamka saa tisa usiku moyo unadunda, na swali linalokuja halihusu deni wala mteja: kazi niliyoachiwa na wazazi imeisha, sasa naishi kwa ajili ya nini? Mchana nilikuwa napanga mbao za mbili kwa nne kama vile ni mali ya mtu mwingine. Mke wangu ndiye aliyelitamka jambo lenyewe: "Baba, sukari unaleta, ada unaleta, ila wewe mwenyewe huji."

Kama upo mahali hapo, anzia hospitali. Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi kunaweza kutokana na presha, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni, au sonona inayohitaji dawa. Mimi nilipimwa, vipimo vikawa sawa, na huo ulikuwa msingi mzuri wa kuanzia. Na ukijikuta unawaza kujiua, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Mwambie aliye karibu nawe akupeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usikae peke yako hadi ufike. Huduma ya afya ya akili ipo kwenye hospitali kubwa za mikoa yetu, na Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda.

Baada ya vipimo nilibaki na washauri wengi. Mchungaji aliniombea, na maombi yale nayathamini hadi leo. Marafiki walinivuta klabuni kwenye ulanzi. Baba mdogo aliniambia nianzishe mradi mwingine, maana mwanaume akikaa bure huwaza. Wote walinipenda. Ila kila mmoja alinihitaji niwe yule yule waliyemzoea: wa kulipa, wa kuamua, wa kusimama msibani na kugawa majukumu. Nikianza kusema nimechoka, naona uso wa mtu unabadilika, nami namaliza kwa kusema mambo yatakuwa sawa. Mtu wa namna hii anahitaji msikilizaji asiyemtegemea kwa lolote, na huyo ni nadra kumpata ndani ya ukoo.

Daktari mmoja alinielekeza kwa mnasihi, yaani mtaalamu wa tiba ya maongezi, Iringa mjini, mama mtu mzima. Nilisita. Huku kwetu mtu akisikia ushauri nasaha anawaza kipimo cha VVU, na akikuona unaingia mlango ule ameshakuandikia habari yako. Kama hofu yako ni hiyo, fanya nilivyofanya: nilichagua mji mwingine. Kutoka Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80, na safari ile yenyewe ilinipa muda wa kujua ninachokwenda kusema.

Mama huyu alisomea tiba inayotokana na falsafa ya udhanaishi. Daktari Viktor Frankl wa Vienna ni mmoja wa waliojenga njia hii. Yeye alikamatwa na Wanazi mwaka 1942, akapitishwa kwenye kambi kadhaa ikiwemo Auschwitz, akatoka mwaka 1945 akiwa amepoteza wazazi, kaka na mke. Alifundisha kwamba binadamu anaweza kupata maana ya kuishi kupitia kazi anayoifanya, kupitia upendo, na hata kupitia namna anavyoyapokea mateso yasiyoepukika. Baadaye Mmarekani Irvin Yalom, katika kitabu cha mwaka 1980, alieleza mambo manne yanayomkabili kila mtu aliye hai: kifo, uhuru, upweke, na kukosa maana. Tiba hii haianzi kwa kuuliza una ugonjwa gani. Inauliza unaishije na hayo manne.

Mimi yote manne nilikuwa nayo. Kifo: wazazi wetu walikufa kwa kufuatana na hakuna aliyetuambia walikufa na nini. Tuliambiwa malaria, tukaambiwa wamelogwa, tukanyamaza. Upweke: nilikaa katikati ya watu tangu utoto na sikuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba naogopa. Maana ilikuwa imeondoka pamoja na karo ya mwisho. Na uhuru ndio ulionitisha kuliko yote. Kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyenilazimisha kuamka, na nikagundua kwamba sijui napenda nini. Mtu aliyeishi kwa wajibu anaweza kufika miaka arobaini na tano bila kuwahi kuchagua kitu.

Hapa naweka neno langu. Fundisho la Frankl likitolewa kwa haraka linaumiza. Kumwambia mfiwa "chagua namna ya kulipokea" bila kukaa naye kwanza ni kumfungia mlango. Frankl mwenyewe aliyasema akiwa ameyapitia. Kwa hiyo ukikutana na mnasihi anayekutafutia maana ya msiba wako siku ya kwanza, shukuru uondoke.

Ndiyo maana nusu ya pili ya tiba hii, uhusiano, kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mwanafalsafa Martin Buber alitofautisha kukutana na mwenzako kama Wewe na kumtumia kama kitu, na wanasihi wa njia hii wamelichukua wazo hilo hadi kwenye viti viwili vya ofisini kwao. Wanaamini kwamba jinsi unavyoishi na watu huko nje, ndivyo utakavyoishi na mnasihi mle ndani, na jambo hilo linaweza kuguswa palepale.

Niliyaona kwa macho yangu. Kila nilipokwenda nilibeba kitu: parachichi, viazi, siku moja ndoo ya maharage. Nikiingia namuuliza kama amekula, kama watu wa siku hiyo wamemchosha. Akinyamaza kidogo, najaza kimya kwa kumpa habari za kuchekesha za shamba la miti la Sao Hill na malori yaliyokwama kwenye matope. Siku moja akaweka kalamu mezani akasema, "Kaka yangu, tangu tuanze, hujawahi kuingia humu mikono mitupu. Nashukuru. Lakini leo najiuliza, hapa nani anamtunza mwenzake?" Nilitaka kucheka. Badala yake koo lilikaza. Akaendelea taratibu, "Unaogopa nini kitatokea nikiwa sina la kupokea kutoka kwako?" Jibu lilitoka kabla sijalipanga: "Utaniona sina kazi hapa." Akanitazama, hakunifariji haraka, akasema, "Nimekusikia. Na bado nataka ukae."

Nililia mbele ya mtu mwingine, jambo ambalo sikulifanya hata makaburini, kwa kuwa makaburini nilikuwa nashikilia wadogo. Wiki iliyofuata nilikwenda bila kitu. Mikono ilinisumbua, sikujua niiweke wapi. Tulizungumza juu ya mikono hiyo karibu saa nzima, na humo ndimo alimotokea mama yangu, na ile siku aliponiambia nisiwaache wadogo zangu.

Mtu anaweza kuuliza kama kukaa na kuongea kunaponya kweli. Tafiti za miaka mingi juu ya tiba za maongezi za aina mbalimbali zinaonyesha kwamba ubora wa uhusiano kati ya mtaalamu na mteja ni miongoni mwa mambo yanayoashiria vizuri zaidi kama mtu atapata nafuu. Wakati huo huo niseme ukweli: kama tatizo lako ni hofu ya kitu mahususi, au mashambulizi ya hofu ya ghafla, tiba ya kubadili fikra na mienendo ina ushahidi mwingi zaidi, na mnasihi mwaminifu atakuelekeza huko. Njia niliyopita mimi inafaa zaidi pale maisha yanapouliza swali ambalo halina kidonge: mwenzi amekufa, kazi imeisha, watoto wameondoka, umepewa habari ya ugonjwa wa kudumu, au umefika mahali ulipopataka na hapana ladha.

Usitegemee kupewa maagizo. Hilo lilinichosha mwanzoni, maana sisi tumezoea mshauri ni mtu wa kukuambia fanya hivi. Mama yule hakuniambia hata mara moja nifanye nini na biashara, na ndoa, na ukoo. Aliniuliza ninachokwepa. Siku nyingine nilitoka pale nina hasira naye, na alipoona nimenuna wiki iliyofuata, akaniomba niiseme hasira yenyewe kwake. Kumwambia mkubwa wangu "uliniudhi" na kuona hajakasirika, hajaniacha, ni somo ambalo nililipeleka moja kwa moja nyumbani kwa mke wangu.

Kuhusu imani, wapo watakaokuambia falsafa hii ni ya watu wasiomjua Mungu. Baadhi ya waanzilishi hawakuamini, wengine waliamini, na Buber alikuwa Myahudi aliyeandika sana juu ya Mungu. Mimi ni Mlutheri wa KKKT na niliingia na sala zangu zote. Mnasihi mzuri hatakunyang'anya imani yako, wala hatakubali uitumie kukimbia swali.

Kumpata mtu wa namna hii mikoani si rahisi. Usitafute kibao kilichoandikwa udhanaishi. Uliza namna anavyofanya kazi. Je, amesomea wapi, na yupo mtaalamu mwenzake anayemsimamia? Siri zako anazitunza vipi, na ni lini atalazimika kuzitoa? Anaweza kuzungumza juu ya kifo bila kubadilisha mada? Ukimwambia "sikupenda ulivyoniambia juzi", anajitetea au anasikiliza? Bei iulize mapema, na kama ni kubwa sema. Wapo wanaopunguza, na wapo wanaokubali simu ili uokoe nauli ya kutoka Makete au Ileje. Mkikaa mara chache na ukaona bado unaigiza mbele yake, na ukimwambia hilo halibadiliki, tafuta mwingine.

Mabadiliko yangu hayakuwa ya kutangazwa redioni. Niliwaita wadogo zangu, tukakaa sebuleni, nikawaambia ninachoamini kiliwaua wazazi wetu. Yule wa pili alisema alijua tangu zamani, naye alinyamaza ili kunilinda mimi. Kikao cha ukoo cha mwaka huu kimeongozwa na yeye, mimi nikakaa pembeni na wajomba, na nilipotaka kuinuka kuweka mambo sawa, mke wangu alinishika mkono. Nimeanza kujifunza useremala wa samani, kwa sababu tu naupenda. Usiku wa kuamka bado upo mara mojamoja. Nikiamka sasa namwamsha mke wangu.

Kama unakwenda kwa mara ya kwanza, usiandae hotuba. Watu kama sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri, na saa nzima inaisha kwa habari nzuri. Mwambie mapema, hata kabla ya kukaa vizuri kwenye kiti: "Mimi huwa nasema sijambo hata nikiwa naumwa. Nikisema hivyo leo, naomba uniulize tena."