Kutofautisha risasi ulizojaza mwenyewe

Mdogo wangu wa Chumbageni, umeuliza kutoka huko Marekani namna ya kuzitambua risasi zako za kuwindia, maana za greni 150 na za 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) unazojaza baruti mwenyewe zimechanganyika. Pole sana. Nami nilijaza huko miaka mingi kabla ya kurudi Tanga.

Chukua maka peni isiyofutika, chora mstari kitakoni mwa risasi, juu ya fataki, yaani kile kikombe kidogo kinachowasha baruti: nyekundu kwa 180, buluu kwa 150. Ukishafyatua na kuitoa fataki iliyotumika, alama inaondoka nayo. Ubavuni usipake rangi nzito, hata ya kucha. Risasi inaweza kukwama kwenye chemba, pale inapokaa ndani ya bunduki.

Lakini rangi ni kama alama ya boya la mvuvi pale Deep Sea, kwa wavuvi wa Tanga: mwenyewe anaijua, mwingine haijui. Kwa hiyo andika kwenye boksi, siku hiyohiyo ya kujaza: uzito wa kichwa, aina ya baruti na kipimo chake, fataki, tarehe, na bunduki gani. Hizo zilizochanganyika usizibahatishe, nakusihi. Zing'oe vichwa, na baruti yake usiirudishe mkebeni.