Marehemu nisiyemjua, nimwandikie nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma, upande wa tabianchi. Nimeona ufadhili uliowekwa kwa kumbukumbu ya mtafiti wa hali ya hewa aliyefariki. Fomu inataka ukurasa mmoja wa kueleza jinsi kazi yangu inavyoendeleza ya kwake. Sikuwahi kumsikia, na utafiti wangu ni wa maji ya visima vya hapa Dodoma tu. Nijaze, au niwaachie wa vyuo vikubwa?
Msomaji, Chamwino

JIBU: Marahaba mwanangu. Jaza. Na hilo neno "tu" lifute kwanza.

Nimesoma kipima mvua miaka ishirini na minane, kila siku saa tatu asubuhi. Kiangazi kizima naandika sifuri. Kijana mmoja aliniuliza mbona najisumbua. Nikamwambia, nikiacha nafasi wazi, atakayekuja kesho atajuaje kama mvua haikunyesha au mimi sikwenda?

Visima vya Makutupora, vinavyonywesha mji huu, vina watu wa namna hiyo. Kina cha maji yake kimeandikwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipochapisha kumbukumbu ya miaka 55, mwaka 2013, ilionekana maji ya ardhini hayajazwi sawasawa kila kifuku. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Niño ya 1997/98, kisha kina hushuka mwaka hadi mwaka. Jambo hilo dunia imelijua kwa sababu kuna mtu aliyeshusha kamba kisimani hapa kwetu na kuandika. Wa vyuo vikubwa hawana kisima hicho, wewe unacho.

Sasa marehemu. Usimsifu, maana wanaosoma fomu walimjua kuliko wewe. Tafuta makala zake mbili, uone alipima nini, wapi, kwa muda gani. Chukua mfano wa Charles David Keeling: alianza kupima hewa ukaa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akashikilia kazi hiyo mpaka alipofariki 2005. Alianzia sehemu kama 315 kwa milioni. Leo zimepita 420. Kwa mtu kama yule ningeandika hivi: yeye alifuatilia hewa, mimi nafuatilia maji. Kisha ningeweka tarakimu zangu mezani.

Barua ya mwalimu wako iombe leo, umpelekee na muhtasari wa utafiti. Nimemwona binti hodari akikosa nafasi kwa barua iliyochelewa siku mbili, na hadi leo inaniuma.

Ukifika uzamivu, waangalie IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi. Fedha ya Tuzo ya Nobeli ya 2007 waliianzishia ufadhili wa wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea.

Ukurasa ukikamilika, msomee ndugu wa huko Chamwino anayechota maji kisimani. Akikuuliza "una maana gani hapo?", hapo ndipo pa kuandika upya.